Kila Bua na Kasoro Yake: Mabaki ya Mimea na Ng'ombe wa Tanga

Mwezi wa Januari, vuli ikishapita na jua la kaskazi likianza kukausha majani ya kando ya barabara, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Jiji la Tanga na vitongoji vyake huingia katika msimu wa kuhangaika. Baiskeli hupita Pongwe alfajiri zikiwa zimefungwa matita ya majani yaliyokatwa mbali, maziwa ya jioni hupungua siku hadi siku, na mwenye ng'ombe wawili huanza kupiga hesabu kama fedha ya maziwa ya wiki hii itatosha kununua pumba za wiki ijayo. Katika mkoa huohuo, mwendo usiomaliza siku kwa lori, majani ya mpunga huchomwa moto katika mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, mabaki ya mkonge humwagwa kwa tani nyuma ya korona, yaani mitambo ya kukamua singa za mkonge, za Korogwe na Muheza, maganda ya mihogo huvunda kando ya sehemu za kumenyea, na machungwa yaliyokosa mnunuzi huozea chini ya michungwa. Njaa ya ng'ombe na chakula cha ng'ombe vimekaa jirani, na bado havikutani.

Kwa zaidi ya miaka arobaini jibu ambalo mfugaji mdogo amekuwa akipewa kuhusu mabaki hayo limekuwa moja: loweka kwa mbolea ya urea. Afisa ugani hulifundisha, vipeperushi hulichora, na semina huisha kwa kulionyesha kwa vitendo. Sina ugomvi na kemia ya jibu hilo, kwa sababu ni sahihi na imethibitika. Ninachokipinga ni mambo mawili yaliyojificha ndani yake. La kwanza ni kudhani kwamba mabaki yote yana ugonjwa mmoja, ilhali kila bua lina kasoro yake na dawa ya hili si dawa ya lile. La pili ni kuirundika kazi yote ya kuboresha katika uwanja wa mtu mwenye ng'ombe wawili, wakati mahali panapofaa kufanyiwa kazi hiyo ni pale mabaki yanapoangukia.

Tuanze na bua lenyewe. Bua la mahindi au jani la mpunga lililobaki baada ya kuvuna ni mmea uliokwisha kumaliza kazi yake. Sukari na protini zake zimehamia kwenye punje, na kilichosalia ni kuta za chembehai. Kuta hizo zimejengwa kwa selulosi na jamaa zake, ambazo ni chakula kizuri kabisa kwa mnyama anayecheua, kwa kuwa katika tumbo lake la kwanza wanaishi vijiumbe wenye uwezo wa kuzivunja. Tatizo ni kwamba mmea unapokomaa, selulosi hiyo hufungwa na lignini, kitu kigumu ambacho vijiumbe hao hawakiwezi, na katika mpunga huongezeka silika, ambayo ni kama mchanga laini uliopakwa juu ya jani. Juu ya hilo kuna upungufu wa nitrojeni. Protini ghafi katika mabua mengi haizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito mkavu, na vijiumbe wa tumboni wanahitaji mlo wenye kiasi cha asilimia 7 ili wafanye kazi yao sawasawa. Mlo ukipungua chini ya hapo, chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, tumbo hubaki limejaa, na ng'ombe huacha kula ingawa ana njaa. Mfugaji anayesema kwamba ng'ombe wake “anadeka” mbele ya rundo la mabua anamwonea mnyama ambaye tumbo lake limeziba.

Kasoro za bua, basi, ni mbili: limefungwa, na halina nitrojeni. Mkemia Mjerumani Ernst Beckmann, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilipokuwa imebanwa na uhaba wa chakula cha mifugo, alionyesha kwamba majani makavu ya nafaka yakilowekwa katika magadi makali ya viwandani kisha yakaoshwa, kifungo cha lignini hulegea na mnyama hupata nguvu nyingi zaidi kutoka katika jani lilelile. Njia yake ilikula maji mengi, na maji ya kuoshea yaliondoka na sehemu ya chakula. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Norwei waliendeleza matumizi ya amonia badala yake, na kwa nchi za joto ikaonekana kwamba hakuna haja ya kusafirisha gesi ya amonia katika mitungi, kwa kuwa mbolea ya urea ikiloweshwa ndani ya rundo lililofunikwa vizuri hugeuka yenyewe kuwa amonia. Hapa kwetu watafiti wa Morogoro walijaribu mpaka magadi ya asili, na Januari 1981 wataalamu wa Afrika walikutana Arusha kujadili matumizi ya malisho duni ya aina hii. Elimu hii, kwa maneno mengine, si ngeni Tanzania wala haikuchelewa kutufikia.

Nimeshuhudia rundo likifunguliwa katika banda la mama mmoja wa Pongwe, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa waliotokana na uzao wa mtamba aliyempata zamani kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Siku ishirini na moja zilikuwa zimetimia. Alipofunua nailoni, harufu ya amonia ilitupiga machoni sote tukarudi nyuma, na mabua yaliyoingia yakiwa meupe kama karatasi yalikuwa yamegeuka rangi ya asali iliyochacha, laini, yakipinda mkononi bila kuvunjika. Pembe moja ya nailoni ilikuwa imetobolewa na kuku, na pale palipotoboka mabua yalikuwa yameota ukungu mweupe hadi kufikia kina cha mkono. Aliyatenga yale yenye ukungu, akayaanika mazuri mpaka jioni ili harufu ipungue, kisha akawapa ng'ombe. Siku ya kwanza walinusa wakaacha. Siku ya tatu walikula wakamaliza.

Nikamwuliza kama atarudia mwaka unaofuata. Akanijibu kwa upole, “Mwanangu, chakula chenyewe kizuri, ila maji yake nayachota mimi.”

Jibu hilo lilinifanya nikae chini na kalamu. Ng'ombe wawili wakipewa kila mmoja kilo 5 za mabua yaliyoboreshwa kwa siku, pamoja na vyakula vingine, watahitaji kilo 900 kwa siku 90 za kiangazi. Kanuni ya kawaida ni kilo 4 hadi 5 za urea na takriban lita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu. Hiyo ni kilo 36 hadi 45 za urea, yaani karibu mfuko mzima wa kilo 50, na lita 450 hadi 540 za maji, ambazo kwa dumu la lita 20 ni safari 23 hadi 27 za kisimani, maji ya kunywa ya ng'ombe wenyewe na ya nyumbani yakiwa hayajahesabiwa. Ongeza nailoni, ongeza kukatakata mabua, ongeza kuyakanyaga na kuyafunika. Na mfuko wa urea lazima ununuliwe kwa fedha taslimu miezi kadhaa kabla faida yake haijaonekana kwenye ndoo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyonunuliwa kwa bei hiyo hupotea hewani kama amonia rundo linapofunguliwa. Kilo 4 za urea zinazowekwa kwenye kilo 100 za mabua zina nitrojeni yenye thamani sawa na kilo 11.5 za protini ghafi, lakini mabua yaliyoingia na asilimia 4 kwa kawaida hutoka na asilimia 8 au 9 tu. Kinachobaki ni chenye manufaa, ila mtu anayelipa ana haki ya kujua kwamba amelipia zaidi ya anachopata.

Kwa hiyo ninapowasikia wataalamu wakisema kwamba wafugaji wa Pwani hawakuipokea teknolojia ya urea kwa sababu ya uelewa mdogo, nasikitika. Yule mama aliielewa kuliko mimi. Aliipima kwa mgongo wake akaona inamgharimu wapi. Uchina ilifanikiwa kueneza njia hii kwa kiwango kikubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu serikali iliibeba kazi hiyo pamoja na wakulima, kwa ruzuku, vifaa na usimamizi, na haikuishia kumpa mkulima kipeperushi.

Iko pia dawa nyingine kwa kasoro ya nitrojeni, na kwa Tanga imeota njiani. Lusina imejiotea yenyewe kando ya barabara, katika mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa na kwenye mipaka ya viwanja, na grilisidia hupandwa kama uzio. Majani makavu ya miti hii yana protini ghafi ya asilimia 20 na zaidi. Ukichukua kilo 6 za mabua yenye asilimia 4 na kilo 2 za majani makavu yenye asilimia 22, mchanganyiko mzima unakuwa na asilimia 8.5, kiwango kilekile kinachotafutwa kwa urea, bila mfuko wa dukani wala maji ya kulowekea. Majani hayo hayavunji kifungo cha lignini, na hilo lazima lisemwe wazi. Yanachofanya ni kuwalisha vijiumbe ili wafanye kazi haraka zaidi katika ile selulosi ambayo haijafungwa sana. Lusina ina sumu yake iitwayo mimosini, na kwa sababu hiyo ni busara isizidi theluthi moja ya mlo. Grilisidia ina harufu ambayo ng'ombe huikataa mwanzoni, na kuinyausha kwa siku moja husaidia. Lakini kati ya mtu mwenye panga na uzio wa grilisidia, na mtu mwenye mfuko wa urea na kisima cha mbali, najua yupi atakuwa bado analisha mwezi wa Machi. Kwa mfugaji mwenye mabua ya mahindi na ng'ombe wasiozidi watatu, ningeanza na majani ya miti, kisha nikamwonyesha kwamba jani la muhindi humeng'enywa vizuri kuliko shina lake, hivyo ng'ombe apewe mabua kwa wingi kidogo kuliko anavyoweza kumaliza, achague majani, na mashina yanayobaki yaende kwenye mbolea. Urea ningeiacha kwa majani ya mpunga, ambayo kasoro yake kubwa ni kule kufungwa kwenyewe, tena ningeipeleka Mombo, kwenye maji ya mfereji na kwenye rundo lililo mahali pamoja baada ya kupura, ikafanywa na kikundi na ikauzwa ikiwa tayari.

Tahadhari moja kabla sijaondoka kwenye urea. Maji yake yakiachwa kwenye ndoo na mbuzi akayanywa, anaweza kufa kabla hujampata daktari. Ndama ambaye hajaanza kucheua vizuri hapaswi kupewa mabua yaliyolowekwa, wala punda, kwa sababu hana tumbo la aina ile. Na yeyote asidhani kwamba malisho mazuri yenye sukari nyingi yakiwekewa amonia yatakuwa bora zaidi. Yanaweza kutoa kemikali inayowatia ng'ombe kichaa. Amonia ni kwa malisho duni.

Maganda ya mihogo yana ugonjwa tofauti kabisa. Hayana lignini ya kutisha, nguvu yake ni nyingi, na ng'ombe na mbuzi wanayapenda. Kasoro zake ni sumu ya sianidi, ambayo hukaa kwa wingi kwenye ganda kuliko kwenye nyama ya muhogo, na maji, ambayo huyafanya yaoze ndani ya siku chache. Urea haina kazi hapa. Dawa ni kupasua, kukamua na kukausha, kwa sababu ganda linapochanwa sumu huachiliwa na kutoka pamoja na maji na hewa. Watafiti wa kimataifa walioko Ibadan, Nigeria, walionyesha kwamba maganda yakikunwa kwa mashine ya kukunia mihogo, yakabanwa maji na kuchujwa kisha yakaanikwa, hukauka ndani ya saa chache za jua badala ya siku mbili au tatu, na kwamba tani 3 za maganda mabichi hutoa tani moja ya chakula kikavu kinachoweza kuwekwa ghalani na kuuzwa. Tazama mahali kazi hiyo inapofanyikia: ni kwenye mashine ya kukunia, ambayo tayari ipo kwa ajili ya unga. Handeni, Mkinga na Muheza zina mihogo, na vikundi vinavyosaga na kukamua mihogo vinayo mashine na kishinikizo. Kukuna maganda baada ya kukuna mihogo ni kazi ya saa moja zaidi kwa watu walioko pale pale. Kumwambia mfugaji wa jijini akanunue maganda mabichi na kuyaanika juu ya bati la banda lake ni kumuuzia maji na sumu, kisha kumwachia yeye kazi ya kuvitoa.

Kuhusu pumba nitasema machache ingawa zinaniuma zaidi. Pumba za mahindi na za mpunga ndizo chakula cha ziada ambacho karibu kila mfugaji wa Tanga hununua, kwa kuwa mashudu ya alizeti hutoka Singida na Dodoma na ya pamba hutoka Kanda ya Ziwa, na kila kilomita ya safari huongezwa kwenye bei. Pumba za mpunga zinazotoka kwenye mashine ndogo za kukoboa kwa mpito mmoja huwa zimechanganyika na makapi yaliyosagika, ambayo karibu hayana chakula, yamejaa lignini na silika, na wapo wanaoongeza makapi kwa makusudi. Mwaka mmoja nilinunua magunia matatu kwa muuzaji niliyemwamini, ng'ombe wakashuka maziwa, na nilipotia konzi moja katika bakuli la maji makapi yalielea juu yakafunika bakuli zima. Mbali na udanganyifu, pumba za mpunga zina mafuta ambayo huanza kuchacha ndani ya siku chache baada ya kukobolewa, hivyo pumba za mwezi uliopita si pumba za leo hata zikitoka gunia moja. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 ipo, na inahusu ubora wa vyakula vya mifugo. Ningefurahi kuona mkaguzi akipita kwenye mashine za kukoboa na bakuli la maji.

Kuna pia ukungu, ambao haufai kufichwa nyuma ya neno “kuchacha kidogo”. Pumba, mashudu na makopa ya mihogo yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota fangasi wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na tukajifunza kutupa mahindi yenye ukungu. Lakini mara nyingi mahindi hayo hayatupwi, hupewa ng'ombe au kuku. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hubadilika na kutoka katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo tunayowanywesha watoto. Hakuna kulowekwa, kuchemshwa wala kuchanganywa na molasesi kunakokirudisha chakula cha namna hiyo kuwa salama nyumbani. Kile kilichoota ukungu katika rundo la yule mama wa Pongwe alikichimbia shimo, na alifanya vyema.

Sasa nifike kwenye mkonge, kwa kuwa ndio urithi wetu na ndipo upotevu ulipo mkubwa kuliko wote. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche michanga ya mkonge katika pwani hii, na ni miche 62 tu iliyosalia ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele cha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Katika karne hiyo nzima na zaidi, kiwanda kimekuwa kikichukua kiasi cha asilimia 4 ya uzito wa jani na kutupa asilimia 96. Mtu akisimama nyuma ya korona wakati inafanya kazi ataona jambo hilo kwa macho: jani linaingia nene na la kijani, upande mmoja zinatoka singa nyeupe zinazopelekwa kwenye kamba za kuanikia, na chini yake unatiririka ujiuji wa kijani wenye harufu kali ya uchachu, uliojaa nyuzi fupi kama nywele, ukielekea mfereji, kisha bwawa, kisha mto. Wanaofanya kazi pale huwashwa mikono.

Hale palijengwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo, uliozinduliwa mwaka 2008, na ulionyesha kwamba mabaki ya mkonge ni mali. Upande wa chakula cha mifugo tumebaki nyuma. Katika jimbo la Bahia, Brazili, ambako mkonge hulimwa kwenye ukame kuliko huku, nyama laini ya jani hutenganishwa na nyuzi fupi kwa chekecheke inayozunguka, kisha hupewa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Chekecheke hiyo ndiyo siri yote. Kasoro ya kwanza ya mabaki ya mkonge ni zile nyuzi fupi ambazo mnyama hazimeng'enyi, zikajisokota tumboni na kuwa mpira unaoweza kuziba njia na kumuua. Kasoro ya pili ni maji, ambayo hufanya mzigo wa lori uwe karibu maji matupu na hufanya mabaki yaharibike haraka katika joto letu. Kasoro ya tatu ni kwamba protini na fosforasi ni chache ingawa kalsiamu ni nyingi, kwa hiyo hata yakichekechwa hayawezi kuwa mlo peke yake. Tena urea na nailoni za mfugaji haziwezi chochote mbele ya nyuzi fupi. Hakuna mfugaji wa Pongwe atakayechekecha tani moja ya ujiuji kwa mkono, na hata angeweza, lori lililomletea lingekuwa limebeba maji kilomita hamsini kwa bei ya chakula.

Kazi hiyo ni ya kiwandani, kwa kutumia injini ileile inayozungusha korona. Chekecheke moja, kishinikizo kimoja cha kupunguza maji, na sakafu ya zege ya kushindilia saileji, yaani malisho yanayochachushwa bila hewa ili yasioze, siku hiyohiyo, mabaki yakichanganywa na kitu kikavu cha kunyonya unyevu, kwa mfano mabua ya mahindi yaliyokatwa au pumba, na majani ya lusina kwa ajili ya protini. Uchachu wa asili wa mkonge hapa husaidia, kwa sababu saileji inataka asidi na kukosa hewa, na hapo mabua ya mahindi na mabaki ya mkonge hukutana kila moja likiwa na kile ambacho mwenzake hana: moja kavu, lingine limejaa maji. Machungwa yasiyouzika ya Muheza yangeweza kuingia katika shimo hilohilo, kwa kuwa yana sukari ambayo bakteria wa saileji wanaipenda, na ganda lake lina pektini, nguvu nzuri ambayo haimchafui ng'ombe tumbo kama wanga mwingi unavyofanya. Jambo la kupimwa kwa makini ni uwiano, kiasi cha kuanzia kumpa mnyama na muda wa kumzoesha, na Tanga ina bahati ya kuwa na watu wa kufanya vipimo hivyo wote katika mkoa mmoja: kituo cha taasisi ya utafiti wa mifugo, chuo cha mifugo cha Buhuri, na watafiti wa mkonge wa Mlingano ambao wako umbali mfupi tu na mashamba yenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba kiwanda cha mkonge kipo kwa ajili ya singa na hakina sababu ya kujiingiza katika mambo ya ng'ombe. Pingamizi hilo lina uzito mahali ambapo mwenye kiwanda ni mmoja na mwenye ng'ombe ni mwingine. Lakini mkonge wa leo unarudi kwa wakulima wadogo walio katika vyama vya msingi vya ushirika, na wengi wao wana ng'ombe au mbuzi nyumbani, au wana jirani mwenye nao. Mkulima anayelipwa kwa asilimia 4 ya jani lake ana kila sababu ya kuulizia ile 96. Tangu miaka ya 1980, mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulipoanza kusambaza mitamba kwa wafugaji wadogo, Tanga imejenga ushirika wa wafugaji, vituo vya kukusanyia maziwa na kiwanda cha kuyasindika. Soko la maziwa, ambalo mikoa mingi ingali ikilitafuta, sisi tunalo, na gari linalokwenda kituoni kuchukua maziwa asubuhi huenda tupu. Linaweza kupanda na saileji ndani ya mapipa.

Korona mpya zikipangwa kununuliwa kwa ajili ya vyama hivyo, michoro yake itapita mikononi mwa maafisa ushirika, maafisa mifugo na wanachama wenyewe kabla zege halijamwagwa. Katika michoro niliyowahi kuonyeshwa, nyuma ya mashine kuna mstari mmoja tu unaoelekea kwenye shimo, na pembeni yake pameandikwa “uchafu”. Wanachama watakapoitwa kwenye mkutano kuipitisha, waulize gharama ya chekecheke na kishinikizo ni kiasi gani, waulize sakafu ya saileji itakaa wapi, na neno lile lifutwe kwenye mchoro kabla ya kura kupigwa.